Alpha Oumar Konaré: Miaka ya Darasani na Makumbusho Kabla ya Ikulu

Waandishi wa tarikhi za wakuu wa dola aghalabu huanza hesabu yao siku mtu alipokula kiapo, na yote yaliyotangulia kiapo hicho huyapitia mbiombio, kana kwamba umri wa mtu kabla ya mamlaka ni njia tu ya kumfikisha kwenye kiti. Desturi hiyo yaweza kuwafaa watu wengine. Kwa Alpha Oumar Konaré, aliyekuwa Rais wa Jamhuri ya Mali tangu mwaka 1992 mpaka 2002, haifai hata kidogo. Kabla raia wa Mali hawajampa urais, wataalamu wa makumbusho wa dunia nzima walikuwa wamekwisha kumpa urais wa baraza lao. Na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa historia, mtafiti wa mambo ya kale, mkuu wa idara ya turathi, waziri wa utamaduni, mshauri wa mashirika ya kimataifa, na mchapishaji wa vitabu na magazeti. Nakusudia katika makala hii kuieleza miaka hiyo kwa urefu na miaka ya Ikulu kwa ufupi, maana rai yangu ni kwamba yaliyo mema na yenye kudumu katika utawala wake yalikuwa yamekwisha kupata umbo darasani, katika makumbusho na katika mikutano ya kimataifa ya elimu, na kwamba mtu asiyeijua miaka ile hawezi kuufahamu utawala wenyewe.

Kayes, Bamako na Warsaw

Konaré alizaliwa tarehe 2 Februari 1946 huko Kayes, mji wa magharibi ya Mali ulio kando ya mto Senegal, ambako reli itokayo Dakar hupita ikielekea Bamako. Nchi ilikuwa bado chini ya Ufaransa na ikiitwa Sudani ya Kifaransa. Uhuru ulipofika tarehe 22 Septemba 1960, na jina la dola kongwe ya Mali likafufuliwa, yeye alikuwa kijana wa miaka 14. Kizazi chake kilikuwa miongoni mwa vizazi vya kwanza kuingia vyuo vya ualimu vya nchi huru, katika zama ambazo Rais wa kwanza, Modibo Keïta, naye alikuwa mwalimu kwa kazi yake ya asili, na ualimu ulikuwa na sharafu mbele ya watu. Alisomea ualimu Katibougou, karibu na Koulikoro, kisha akaingia Chuo cha Juu cha Ualimu cha Bamako, alikohitimu katika historia na jiografia mwaka 1969. Alipokuwa katikati ya masomo hayo, tarehe 19 Novemba 1968, jeshi lilimpindua Modibo Keïta, na Luteni Moussa Traoré akashika madaraka ambayo hakuyaachia kwa zaidi ya miaka 22.

Baada ya kufundisha kwa muda, kijana huyo alikwenda Poland, akakaa Chuo Kikuu cha Warsaw tangu 1971 hadi 1975, akatoka na shahada ya udaktari katika akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale. Yafaa tutue kidogo hapa. Warsaw ni mji uliobomolewa kwa makusudi na majeshi ya Ujerumani katika vita vya pili vya dunia, na mtaa wake wa kale ulijengwa upya kwa kufuata picha na ramani zilizosalimika. Na mwaka uleule wa 1971 ndipo Wapolandi walipoanza kulijenga tena Kasri la Kifalme lililolipuliwa mwaka 1944, raia wenyewe wakichanga fedha za kazi hiyo. Mwanafunzi yeyote wa mambo ya kale aliyeishi katika mji huo miaka hiyo alikuwa akipita kila siku mbele ya ushahidi ulio wazi kwamba taifa laweza kunyang'anywa majengo yake, vitabu vyake na hazina zake, likayarudisha kwa subira na maarifa, na kwamba kazi ya kuhifadhi si anasa ya watu walioshiba bali ni haja ya watu waliodhulumiwa. Mkewe, Adame Ba Konaré, ambaye naye ni mwanahistoria mashuhuri, alisoma huko Poland vilevile. Na miaka ya baadaye wawili hao walishirikiana kuandika kitabu cha tarehe kubwa za historia ya Mali.

Aliporejea kwao alikuta nchi iliyo tajiri mno kwa kumbukumbu na maskini mno kwa njia za kuzihifadhi. Historia ya Mali iko mahali patatu: katika vinywa vya majeli, hao waimbaji na wasimulizi waliopokezana nasaba na habari za wafalme tangu zama za Sundiata Keita, katika hati za Timbuktu na miji jirani, zilizoandikwa kwa Kiarabu na wakati mwingine kwa lugha za wenyeji kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani yetu walivyoandika tenzi zao, na ndani ya ardhi, chini ya vilima vya vifusi vilivyotapakaa katika delta ya ndani ya mto Niger. Mtafiti wa Warsaw aliwekwa kwanza kwenye utafiti, kisha, tangu 1976 hadi 1978, akasimamia idara ya turathi za historia na mila katika wizara iliyohusika na utamaduni. Ndiyo kusema kwamba kabla hajafika miaka 35 alikuwa ameshika kalamu ya mwalimu, sururu ya mchimbaji na daftari la mtunza hazina.

Miaka miwili ya uwaziri

Mwaka 1978 Moussa Traoré alimwita katika serikali yake kuwa Waziri wa Vijana, Michezo, Sanaa na Utamaduni. Wapo waliomlaumu kwa kukubali kuitumikia serikali ya kijeshi, na lawama hiyo haikosi msingi. Lakini wizara hiyo ndiyo iliyokuwa na amana ya mambo aliyoyasomea, na nchi haikuwa na wizara nyingine ya kumpa. Ilisimamia mashindano makubwa ya sanaa na utamaduni yaliyofanywa kila miaka miwili tangu 1970, ambayo yalikusanya vikundi vya mikoa yote kwa ngoma, maigizo na nyimbo, na ilisimamia pia Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa na Wafaransa mwaka 1953 na kuhamia mwaka 1982 katika jengo jipya la Bamako, lililochorwa na msanifu Jean-Loup Pivin kwa kuiga umbo la nyumba za udongo za nchi hiyo.

Uwaziri huo haukudumu. Mwaka 1980 ulikuwa mwaka wa migomo ya wanafunzi na wa ukandamizaji mkali, na mwezi Machi kiongozi wa wanafunzi, Abdoul Karim Camara, aliyejulikana zaidi kwa jina la Cabral, alikufa mikononi mwa dola. Mwaka huohuo Konaré alijiuzulu. Kwa mtu wa miaka 34 aliyekwisha kuonja uwaziri, kurudi katika utafiti na ushauri kungeweza kuonekana ni kushuka daraja. Ukweli ni kwamba hapo ndipo ilipoanza sehemu ya maisha yake iliyomjenga kuliko zote.

Mjumbe asiye na jeshi wala hazina

Tangu 1981 alifanya kazi ya ushauri kwa mashirika ya kimataifa, hasa UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kadhalika aliingia katika uongozi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ambalo hujulikana kwa herufi za ICOM. Baraza hilo liliundwa Paris mwaka 1946, ndio mwaka aliozaliwa yeye, nalo huwaunganisha watunza makumbusho wa mataifa yote, huandika kanuni za maadili ya kazi yao, na husema kwa niaba yao mbele ya serikali na mashirika. Halina askari wala mahakama. Nguvu yake yote ni hoja, aibu na makubaliano. Mwaka 1986, katika mkutano wake wa Buenos Aires, lilipitisha kanuni za maadili ambazo, pamoja na mambo mengine, ziliwakataza watunza makumbusho kupokea kitu chochote ambacho asili yake si halali.

Marais saba wa kwanza wa baraza hilo walitoka Marekani na Ulaya. Konaré alikuwa kwanza mmoja wa makamu wa rais, na mwaka 1989, katika mkutano mkuu wa The Hague, akachaguliwa kuwa rais wa nane: Mwafrika wa kwanza, na mtu wa kwanza kutoka nje ya Ulaya na Marekani, kuketi kwenye kiti hicho. Alikaa hapo mpaka 1992, akafuatwa na Saroj Ghose wa India, na hivyo mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka 43 ukabaki wazi. Asiwepo wa kudhani kwamba hilo lilikuwa jambo la heshima tupu. Katika mabaraza ya namna hiyo ndiko huamuliwa nani aitwe mtaalamu, kitu gani kiitwe sanaa na kipi kiitwe kielelezo cha mila, nani aombe ruhusa na nani aitoe. Na kwa muda mrefu Afrika ilikuwa imehudhuria humo kama mwenye vitu, si kama mwenye rai.

Jambo alilolisimamia kwa ari kubwa katika urais huo ni swali la makumbusho ya Afrika yenyewe. Mwezi Novemba 1991 ICOM iliwakusanya wataalamu wa bara hili katika mkutano uliofanywa kwa zamu katika nchi za Benin, Ghana na Togo, ili wajiulize ni makumbusho ya namna gani yanayoifaa Afrika na urithi wake wa siku zijazo. Wengi wa waliohudhuria walitoka katika nyumba zilizoanzishwa na wakoloni, ambamo vinyago vilivyokuwa vikitoka kwa ngoma na kwa msimu vimewekwa nyuma ya kioo mwaka mzima, vikiwa na vibandiko vya Kifaransa au Kiingereza ambavyo mwenye kinyago hawezi kuvisoma, na ambamo mgeni mtalii huingia kila siku na mtoto wa jirani haingii kabisa. Konaré aliwaambia pasipo kuficha kwamba mfano wa makumbusho uliotoka Ulaya haufai kutiwa viraka, bali lazima uuawe, ili namna nyingine ya kuhifadhi na kuendeleza urithi ipate nafasi ya kumea. Maneno hayo yalikuwa makali, na yanarejewa na wataalamu wa makumbusho hata leo, kwa sababu yalisemwa na rais wa baraza lilelile lililozaliwa na mfano huo.

Katika mkutano huo ndipo ilipochipuka mipango ya ushirikiano wa makumbusho ya Kiafrika iliyoitwa AFRICOM, ambayo mwaka 1999, katika kikao cha Lusaka, ilisimama kuwa Baraza la Kimataifa la Makumbusho ya Afrika na kuweka makao yake Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ndivyo jambo lililosemwa katika pwani ya magharibi lilivyopata nyumba yake mashariki. Ni haki kukumbusha pia kwamba fikra hiyo ilikuwa na ndugu zake huku kwetu: Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa tangu 1967, kikiwa na nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa miti, udongo na makuti, mahali ambapo ngoma huchezwa uwanjani na mafundi hufanya kazi zao mbele ya watu.

Vilima vya Djenné

Ili msomaji aone kwa nini mtu wa makumbusho aliingiwa na hasira ya kisiasa, yafaa tumpeleke mahali pamoja. Kiasi cha kilomita tatu kutoka mji wa Djenné, wenye msikiti wa udongo unaojulikana duniani kote, pana kilima kipana kiitwacho Djenné-Djeno, chenye eneo la takriban hekta 33. Si kilima cha asili, bali ni mji: tabaka juu ya tabaka za nyumba za udongo zilizobomoka na kujengwa tena, na uso wake wote umetapakaa vigae vya vyungu, hata mtu hawezi kutia mguu bila kukanyaga kimoja. Wanaakiolojia Susan na Roderick McIntosh walichimba hapo mwaka 1977 na 1981, wakathibitisha kwamba watu waliishi mahali hapo tangu takriban karne ya tatu kabla ya Kristo mpaka karibu na mwaka 1400, na kwamba palikuwa na mji wa biashara na ufundi karne nyingi kabla ya misafara ya Waarabu kuvuka Sahara. Rai iliyokuwa imekaa muda mrefu katika vitabu, kwamba miji ya Sudani ya Magharibi ilizaliwa na wageni, ikakosa mahali pa kusimama.

Katika vilima vya eneo hilo hutoka sanamu za udongo wa kuchoma: watu waliopiga magoti mikono ikiwa mapajani au mabegani, wapanda farasi, wanyama, na baadhi ya watu hao miili yao imetambaliwa na nyoka tangu kichwani hadi miguuni. Sanamu moja ikikutwa mahali pake na mtaalamu, husema ilikuwa katika nyumba gani, chini ya sakafu ipi, pamoja na chungu gani na mifupa ya nani. Ikichokolewa usiku na mtu aliyelipwa ujira mdogo, hupoteza yote hayo, ikawa kitu kizuri kisicho na neno. Na walichokoa. Wakulima wenye njaa, hasa baada ya ukame wa miaka ya sabini na themanini, walipewa chakula na fedha kidogo na wafanyabiashara ili wapekue vilima, na sanamu zikapita mikononi mwa madalali wa Mopti na Bamako mpaka madukani Ulaya na Marekani, ambako bei yake ilipanda kupita mawazo ya aliyeichimba. Mali iliridhia mwaka 1987 mkataba wa UNESCO wa 1970 unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni, lakini mkataba pasipo mtu wa kuusimamia katika nchi wanunuzi ni karatasi tu. Wasomaji wa pwani ya Kenya wanaozijua habari za vigango vya Wamijikenda, vilivyong'olewa kayani na makaburini vikauzwa ng'ambo, hawahitaji kufafanuliwa uchungu huo.

Kalamu kabla ya kura

Huku akihudumu katika mabaraza ya nje, Konaré alikuwa akijenga kitu nyumbani. Mwaka 1983 yeye na wenzake walianzisha ushirika wa utamaduni ulioitwa Jamana, ambao ulichapa vitabu na jarida, ukatoa maandishi kwa Kibambara pamoja na Kifaransa, na ukawa mahali pa kukutania waandishi na wasomi. Katika nchi yenye chama kimoja, ambamo kuunda chama kingine ni kosa la jinai, ushirika wa utamaduni haukuwa kosa. Na ndani ya ushirika huo huo, mwaka 1989, likazaliwa gazeti la Les Échos, mojawapo ya magazeti ya kwanza huru ya Mali, lililowafundisha wasomaji wake kuuliza maswali ambayo mikutano ya hadhara isingeruhusiwa kuyauliza. Baadaye Jamana ikafungua redio ya Bamakan, sauti ya walio wengi wasiojua kusoma.

Mwaka 1990 wapinzani waliungana katika umoja wa kidemokrasia uliojulikana kwa jina la ADEMA, na Konaré akiwa mmoja wa waasisi wake. Mwezi Machi 1991 halaiki ya watu ilijitokeza barabarani, wanafunzi na akina mama wakiwa mbele. Wengi waliuawa kwa risasi, na tarehe 26 ya mwezi huo jeshi, likiongozwa na Amadou Toumani Touré, lilimkamata Moussa Traoré. Kikafuata kipindi cha mpito, mkutano wa taifa na katiba mpya, na mwezi Aprili 1992 Konaré akashinda uchaguzi wa urais katika duru ya pili kwa takriban asilimia 69 ya kura. Mwaka huohuo ndio alioukabidhi urais wa ICOM. Ni nadra katika tarikhi ya zama hizi kwa mtu kutoka moja kwa moja katika kuongoza watunza makumbusho wa dunia akaingia kuongoza nchi, na nchi yenyewe ikiwa mojawapo ya nchi maskini kuliko zote.

Ikulu ya mtunza amana

Athari za kazi yake ya zamani zilionekana mapema. Mwezi Septemba 1993, kwa ombi la serikali ya Mali, Marekani ilipiga marufuku ya dharura uingizaji wa vitu vya kale vilivyotoka katika bonde la Niger na katika mapango ya Watellem huko Bandiagara. Mali ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kupata kinga hiyo, na mwaka 1997 marufuku hiyo ikawa makubaliano kamili baina ya nchi mbili. Mwaka 1993 pia ziliundwa ofisi za utamaduni Djenné, Timbuktu na Bandiagara, ambazo kazi yake ilikuwa kukaa na wenyeji, kuwaelimisha na kuwafanya walinzi wa kwanza wa vilima vyao. ICOM nayo iliendelea na njia aliyoiacha: ikaitisha warsha ya kupinga biashara hiyo Arusha mwaka 1993, nyingine Amsterdam mwaka 1997, na mwaka 2000 ikatoa orodha nyekundu ya vitu vya kale vya Afrika vilivyo hatarini, na sanamu za bonde la Niger zikiwemo. Hata Rais Jacques Chirac wa Ufaransa, aliyekuwa amezawadiwa kondoo wa udongo wa kuchoma ambaye baadaye alitambulikana kuwa wa wizi, alimrudisha kwa Makumbusho ya Taifa ya Mali mwaka 1998.

Tendo lililowagusa walimwengu zaidi ni lile la Timbuktu. Kaskazini ya Mali ilikuwa katika vita tangu 1990 baina ya serikali na makundi ya Watuareg na Waarabu, na serikali ya Konaré ilitumia miaka kadhaa kuwasikiliza wazee, viongozi wa vijiji na makamanda, ikiacha jamii zenyewe zikutane na kusameheana kabla ya kutia sahihi. Tarehe 27 Machi 1996, mbele ya watu waliokusanyika kutoka pande zote na mgeni wao Rais Jerry Rawlings wa Ghana, bunduki zipatazo 3000 zilizokuwa zimesalimishwa zilipangwa katika kichanja kikubwa, zikamiminiwa mafuta, zikawashwa moto, na makundi ya wapiganaji yakatangaza kujivunja. Mtu aliyezoea kuhifadhi vitu aliteketeza vile ambavyo havikustahili kuhifadhiwa, kisha mahali pale pakajengwa mnara ili tukio lisisahaulike. Katika tukio hilo ndimo lilimotoka wazo la Mali la kuzuia biashara ya silaha ndogondogo, ambalo nchi za Afrika Magharibi zililikubali katika azimio la Abuja la Oktoba 1998.

Haki yatutaka tuseme na yaliyoharibika. Mwalimu huyo alishindwa kwa miaka mingi kutuliza shule: wanafunzi waligoma mara kwa mara wakidai posho na ajira, masomo ya mwaka mzima yakapotea, na mawaziri wakuu wawili wakaondoka katika miaka ya 1993 na 1994 kwa shinikizo la machafuko hayo. Chuo Kikuu cha Mali kilifunguliwa mwaka 1996, na lugha za taifa zikaongezwa madarasani, lakini madawati, walimu na mishahara havikwenda sambamba na idadi ya watoto. Uchaguzi wa 1997 ulivurugika, Mahakama ya Katiba ikafuta duru ya kwanza ya uchaguzi wa wabunge, na vyama vingi vya upinzani vikasusia. Hata hivyo katiba ilipompa vipindi viwili, aliridhika na viwili. Mwezi Juni 2002 alikabidhi madaraka kwa Amadou Toumani Touré aliyechaguliwa na wananchi, akaondoka kwa miguu yake. Wakati huo, katika bara letu, hilo lilikuwa jambo la kuhesabika kwa vidole.

Lugha za Afrika, na Kiswahili kati yake

Kabla hajaondoka Ikulu alikuwa ameunda, mwaka 2001, ujumbe wa kuandaa Akademia ya Lugha za Kiafrika, ukiongozwa na Adama Samassékou aliyekuwa waziri wake wa elimu. Mwezi Julai 2003, katika mkutano wa Maputo, wakuu wa nchi walimchagua Konaré kuwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Na katika mkutano huohuo ilipitishwa itifaki ya kuirekebisha Sheria ya Kuunda Umoja, ambayo ilikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja. Mwaka uliofuata, huko Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia wakuu wenzake kwa Kiswahili. Mwezi Januari 2006, katika mkutano wa Khartoum uliojadili elimu na utamaduni, Akademia ya Lugha za Kiafrika ilifanywa kuwa chombo cha Umoja, makao yake yakiwa Bamako, na mwaka huo ukatangazwa kuwa mwaka wa lugha za Kiafrika. Papo hapo ukapitishwa Mkataba wa Mwamko wa Utamaduni wa Afrika. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha ambazo Akademia iliziundia kamisheni zake. Konaré aliondoka Kamisheni mwaka 2008. Mwaka 2022 wakuu wa nchi waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi ya Umoja.

Sisi wasemaji wa lugha hii tumezoea kuwashukuru kwa mafanikio hayo viongozi wa kwetu, na shukurani hiyo ni ya haki. Ila tusimsahau mtu wa Kayes, ambaye Kiswahili si lugha yake ya kuzaliwa, aliyekubali kuwa lugha za Afrika ni turathi sawa na sanamu za Djenné na hati za Timbuktu, na kwamba turathi isiyotumiwa ofisini, shuleni na bungeni iko katika kabati la kioo, hata kama inaheshimiwa.

Hukumu yangu juu ya maisha haya ni nyepesi kutamka. Konaré hakufanikiwa katika kila jambo alilolishika, na nchi yake imepata misiba mizito baada yake. Lakini pale alipofanikiwa, alifanikiwa kwa maarifa aliyoyachuma akiwa mwalimu, mtafiti na mjumbe wa utamaduni: kusikiliza kabla ya kuamua, kuwaachia wenyewe ulinzi wa mali yao, kujenga hoja mahali pasipo nguvu, na kujua kwamba cheo ni dhamana ambayo siku yake ya kurudishwa imekwisha kuandikwa. Serikali zetu, kila zinapopanga bajeti, huyaweka makumbusho, maktaba na vyuo vya ualimu mwisho wa orodha, na watumishi wake huwaona kuwa watu wa kando. Basi nawaomba wale wenye mamlaka ya kugawa fedha na vyeo waitazame upya orodha hiyo, na nawaomba walimu na watunza makumbusho wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar, Kampala na Bujumbura wasiidharau kazi yao: taifa la Mali lilipotafuta mtu wa kuliongoza katika saa yake ngumu, lilimpata miongoni mwa watu wa kazi hiyohiyo.